Siku Dada Alipokuja Ufukweni

Asubuhi ile Chiriku alipiga pasi gauni la mama yake, akalitundika, akalitazama, kisha akalishusha na kulipiga pasi tena. Mama alikuwa bado kitandani, shuka hadi kidevuni, anamwangalia tu. Alikuwa amelea mabinti wawili peke yake, hakuwa mgeni wa mambo haya. Akamuuliza huko ufukweni kuna nani wa kupambiwa hivyo.

"Watu wa kazini tu, mama. Ni siku ya familia. Tutakimbia kidogo, tutakula, turudi."

Mabinti zangu mnaosoma hapa, jibu lile lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilimtoka kirahisi. Watu wa kazini walikuwepo. Ila katikati yao alikuwepo mmoja, na gauni lilipigwa pasi mara mbili kwa ajili ya huyo mmoja.

Wenzake walimwita Ngazi kwa urefu wake. Yeye na Chiriku walikuwa wakunjaji kwenye kiwanda kikubwa cha udobi kinachofua mashuka ya mahoteli na mahospitali. Kukunja shuka kubwa ni kazi ya watu wawili. Mnashika ncha, mnarudi nyuma mpaka linyooke, mnalikung'uta, mnakunja upande, halafu mnatembea kuelekeana ili ncha zikutane, mmoja amkabidhi mwenzake. Msimamizi wao, mama mnene waliyemwita Mama Sabuni, alikuwa na sheria aliyoirudia kila siku kama sala: usiachie mpaka uhisi mwenzako ameshika, maana shuka likigusa sakafu linarudi kwenye maji. Basi hebu fikirini. Kutwa nzima mnaelekeana, vidole vinakutana, na hakuna anayeruhusiwa kuachia. Chiriku alikufa akaoza pale pale kwenye meza ya kukunjia, na Ngazi naye vile vile.

Yangekuwa mapenzi ya heri kama Ngazi angekuwa mtoto wa watu wengine. Lakini siku moja, mambo yakiwa yameshakolea, Ngazi alimuuliza habari za kwao. Chiriku, ambaye mama yake alimpa jina hilo kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea, akamweleza yote. Akamweleza ndoa ya dada yake, na mume wa dada yake aliyeaga kwamba anakwenda mji mwingine kutafuta kazi, akamwacha mkewe na mimba, na hakuonekana tena. Akamtaja kwa jina. Ngazi akaachia shuka likaanguka chini. Yule mwanamume alikuwa kaka yake wa tumbo moja.

Tena alijua zaidi ya hapo. Kaka yake alikuwa ameoa mke mwingine huko aliko, na nyumbani kwao jambo lile lilikuwa la kunong'onezana. Akamsihi Chiriku asimwambie mtu. Chiriku akakubali, maana angesemaje? Ukisema habari, lazima useme umeipata wapi.

Na wakati huo huo, nyumbani, dada yake alikuwa anangoja. Mashati ya mumewe aliyaanika juani yasiote ukungu, kisha akayarudisha kabatini. Mwalimu mmoja wa mtaa wao, aliyefiwa na mke, mtu mstaarabu, alileta posa, akasema hata mtoto atamlea kama wake. Dada akamkatalia kwa adabu. Alisema yeye ni mke wa mtu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na Chiriku na Ngazi wakatunga mpango wao. Mama hakuwahi kumwona Ngazi kwa macho, kwa kuwa wakati wa ile harusi kijana alikuwa shule ya bweni. Ni dada peke yake aliyemjua, kwa vile aliwahi kukaa ukweni. Basi mama aje ufukweni, amwone kijana, ampende kwanza kabla hajajua ni wa nani. Mengine yatafuata polepole. Dada alikuwa ameshasema haendi popote, mtoto anakohoa.

Ufukwe ulikuwa na upepo wa kupeperusha vikombe. Wafanyakazi walikuwa wamesimika turubai, wamepanga viti vya plastiki, wamefukia chupa za soda kwenye mapipa ya barafu. Mama alipofika tu, Ngazi akamletea kiti. Hakukiweka hivi hivi; alichimba mchanga akazamisha miguu ya kiti kisiyumbe, akakaa mwenyewe chini kwenye mchanga kama mtoto wa nyumbani. Mama akamtazama toka utosini hadi kwenye nyayo, safari ndefu.

"Mbona umerefuka hivi, baba? Mama yako alikuwa anakumwagilia maji?"

"Alinisahau nje siku ya mvua, mama."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Wakakaa wakiongea habari za kazi, habari za mgongo wa mama unaouma, habari za sabuni inayotoboa mikono. Baadaye mama alimvuta Chiriku pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama kijana yule ana kwao, ana wazazi, ana mtu. Chiriku akajibu kwamba ana kwao. Hakusema ni wapi. Alirudi kwa wenzake akitembea kama hakanyagi chini. Aliona kama mlango ulikuwa umefunguka, na alibakiza kuingia tu.

Kisha Mama Sabuni akapuliza filimbi. Zilikuwa mbio za kupokezana, za kufurahishana tu, na zawadi yake ilikuwa siku ya mapumziko. Timu zilikuwa nne: wafuaji, wapiga pasi, wakunjaji na madereva. Kwa kuwa hapakuwa na kijiti, kila timu ilipewa taulo la hoteli lililoviringishwa na kufungwa kamba. Wakimbiaji walisimama kila mmoja kwenye bendera yake kando ya maji. Anayepokea ampe mgongo mwenzake, anyooshe mkono nyuma, ashike, aondoke. Timu mbili za mwanzo zingekutana tena kwenye fainali.

Wakunjaji walianza vizuri. Ngazi, mkimbiaji wa tatu, alipokabidhiwa taulo aliwapita wapinzani wote, miguu yake ikichota mchanga kama majembe. Mbele yake, kwenye bendera ya mwisho, alikuwa amesimama Chiriku. Alijua kabisa anatakiwa ampe mgongo. Lakini alimsikia akija, na mwili ukafanya ulichozoea. Akageuka akamkabili. Akanyoosha mikono yote miwili akashika ncha moja ya taulo, na Ngazi, ambaye kutwa alifundishwa kutoachia, hakuachia. Wakasogeleana hatua kwa hatua, uso kwa uso, mpaka vidole vikakutana katikati ya taulo, na wakabaki hivyo wanatazamana huku wafuaji wakiwapita.

Ufukwe mzima ulivunjika mbavu. Dereva mmoja akapaza sauti kwamba wawili wale nao wakunjwe watiwe kabatini. Chiriku akazinduka, akalinyakua taulo, akakimbia na aibu yake yote, akaingia wa pili. Walifuzu kwa bahati.

Mama alikuwa anacheka na wengine. Kisha akaacha. Vidole vile alivitazama kwa jicho la mzazi, akaelewa kile ambacho pasi ya asubuhi ilikuwa inamwambia. Hakukasirika. Alikuwa anajiandaa kutabasamu. Alipogeuka nyuma amtafute mtu wa kumwambia, akamwona binti yake mkubwa amesimama nyuma ya kiti, amemshika mtoto mkono. Kikohozi kilikuwa kimepoa, na mtoto alikuwa amelia mpaka akaletwa aone bahari.

Dada hakuwa anamtazama mama. Alikuwa anamtazama kijana mrefu anayekuja anahema, anachekacheka, amemtangulia Chiriku. Ngazi alipoinua macho akasimama. Angeweza kugeuza njia. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa, na mtu aliyelelewa hampiti mkubwa wake bila salamu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba," dada akaitikia, kwa mazoea tu, kama mtu anayeitikia usingizini.

Mama akamgeukia huyu, akamgeukia yule. "Shemeji wa nani?"

"Wangu, mama." Dada akaweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. "Ni mdogo wake baba yake huyu."

Mama alimtazama mjukuu, akamtazama kijana. Paji la uso lilikuwa moja. Ajabu ni kwamba alikuwa amekaa nalo muda wote ule asilione. Akanyanyuka kwenye kiti, akajipangusa mchanga kwenye gauni, akachukua mkoba wake.

"Umenichekesha sana, mwanangu," akamwambia Ngazi. Ngazi baadaye alisema heri angepigwa kofi.

Dada naye alimshika Chiriku mkono, wakaenda hadi kwenye bomba ambalo watu huoshea miguu. Hakupiga kelele. Mngemwona mngedhani anamwosha mtoto tu. Akafungua maji, mtoto akawa anarukaruka ndani yake, na dada akauliza haya yalianza lini.

Chiriku akasema tangu mwaka jana. Akaanza kulia na kujieleza, kwamba mwanzoni hakujua, na alipojua alikuwa ameshazama. Dada akamnyamazisha. Akasema kijana hana kosa; dada alipokuwa ukweni, kijana akiwa likizo ndiye aliyekuwa akimchotea maji bila kuombwa. Kama wamependana wamependana. Itamuuma, hatasema uongo, lakini atalimeza, na kwa mama atawasemea yeye mwenyewe. Chiriku aliposikia hivyo roho ilimtua, akafungua mikono amkumbatie. Ndipo dada akauliza kile alichokuwa anataka kuuliza tangu mwanzo, na macho yake yaling'aa kwa namna ambayo Chiriku alikuwa ameisahau.

"Kwa hiyo anawasiliana na kaka yake? Yuko wapi? Ni mzima?"

Chiriku akashusha mikono.

"Nijibu, mdogo wangu. Hata kama amelazwa, hata kama amefungwa, niambie tu. Nitakwenda."

"Ana mke mwingine, dada."

Maji yaliendelea kumwagika. Mtoto alikuwa anaimba.

"Na watoto?"

"Wawili."

Dada akafunga bomba. Alilikaza, akalikaza tena ingawa lilikuwa limeshafunga. Kisha akauliza, bila kuinua uso, Chiriku alijua lini. Na hapo Chiriku angeweza kudanganya. Alilifikiria. Ulimi ulishaanza kutamka neno jana.

"Kabla mwalimu hajaleta posa," akasema.

"Siku nilipomwambia mwalimu mimi ni mke wa mtu, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Ulikuwa umekaa mlangoni, unamenya viazi."

"Ndiyo, dada."

"Na alipoondoka nikakuuliza kama nimefanya vizuri. Ukaniambia nini?"

Chiriku, yule wa maneno mengi, akayatazama maji yaliyotuama chini. Alikuwa amemwambia amefanya vizuri. Alimwambia mume wake atarudi tu, akaendelea kumenya viazi. Na mwalimu, mjue, alishaoa. Harusi yake walialikwa, na dada ndiye aliyesuka nywele za bibi harusi.

"Mimi nilikuwa nakulilia wewe," dada akasema. "Mama nilikuwa namwonea huruma, ana mgongo wake. Wewe ndiye niliyekuwa nakulilia. Halafu asubuhi unaamka unakwenda kukunja mashuka na mtu anayejua."

Akambeba mtoto na miguu yake iliyolowa, akaenda kumweleza mama.

Mabinti, sisemi msipende. Nani anaweza kuuzuia moyo wa binti wa umri ule, na mimi ni mzazi, najua. Nasema, mkiwa na mtu ambaye hamwezi kumtaja nyumbani, jiulizeni nani mwingine pale nyumbani anaumia kwa kutotajwa kwake. Chiriku alidhani siri ni yake na Ngazi. Kumbe dada yake ndiye aliyekuwa anailipia, siku baada ya siku, kabatini kwenye mashati.

Filimbi ya fainali ikalia. Mama Sabuni alikuwa anaita wakunjaji, akitania kwamba leo hakuna kukunjana, ni kukimbia. Ngazi alimpata Chiriku njiani, akamshika kiwiko.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia."

Ngazi akasema atakwenda kwa mama sasa hivi, atapiga magoti hapo hapo kwenye mchanga. Akasema kosa ni la kaka yake, yeye hajamwacha mke wa mtu wala mtoto wa mtu, kwa nini alipe yeye. Alikuwa anasema kweli. Chiriku alimtazama. Alimpenda kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Sio kaka yako, Ngazi. Ni mimi. Nilikaa kimya ili nisikukose. Kila nitakapokuona nitakuwa naviona vile viazi."

"Viazi gani?"

Chiriku akageukia bendera yake. Alitingisha kichwa tu.

"Sasa mimi unataka nifanye nini?" Ngazi akauliza.

"Ukifika, unipe taulo, uachie."

"Chiriku."

"Uachie, Ngazi. Nakuomba."

Walikwenda kwenye bendera zao. Fainali ilikuwa kati yao na wafuaji, na watu wote walikuwa wamejipanga kando ya maji wanapiga makofi. Ngazi alipokea taulo wakiwa nyuma, akakimbia kama mtu anayekimbizwa. Machozi, jasho, upepo, hakuna aliyejua kipi ni kipi usoni mwake. Chiriku safari hii alimpa mgongo. Alisimama ametazama mbele, mkono umenyooka nyuma, kiganja wazi. Alizisikia nyayo, akaisikia pumzi anayoijua. Taulo likaingia kiganjani. Alihisi vidole vyake mara moja, kidogo sana, kisha havikuwepo.

Akakimbia. Alikimbia vizuri kuliko mtu yeyote siku ile, akampita mfuaji mwenye miguu mirefu, akakata utepe na kwenda mbali zaidi ya utepe, mpaka Mama Sabuni akamwita arudi, mbio zimekwisha. Wenzake walimbeba juu juu. Toka pale juu mabegani aliangalia upande wa turubai. Kiti cha mama kilikuwa kitupu, bado kimezama mchangani.

Aliwaomba wamshushe. Hakungoja zawadi, hakutafuta viatu, wala hakugeuka nyuma alikokuwa Ngazi, aliyekuwa amechuchumaa kwenye bendera yake huku wenzake wakidhani anatafuta pumzi. Alipanda kwa njia ya mawe hadi barabarani, nyayo zikimchoma, akawakuta wamekaa kwenye benchi la zege wanangoja usafiri. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwa dada. Mama akasogea, akamwachia nafasi upande wa pili, yeye akabaki katikati.

Magari mawili yalipita yamejaa. Chiriku akasema kwamba ameachana na Ngazi. Yamekwisha. Kesho ataomba ahamishiwe kaunta ya kupokea nguo. Dada alikuwa anampangusa mtoto mchanga shingoni, akaendelea kumpangusa.

Mama alimgeukia Chiriku. Alikuwa mama, alimwona binti yake amejikunyata, na mkono wake ulitaka kwenda kwenye goti lile. Ulifika nusu ya njia.

"Chiriku," akasema, "kuna kingine unachokijua ambacho sisi hatukijui?"

"Hakuna, mama."

Ilikuwa kweli. Hakikubaki kitu, alikuwa ametoa vyote siku ile, hata yule aliyempenda. Dada akainua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama kwa utaratibu, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kisha yeye na mama wakatazamana, kidogo tu, kila mmoja akitafuta kama mwenzake amesadiki.

"Haya," mama akasema, akaurudisha mkono wake mapajani, na wote watatu wakageukia barabara.